Kipimo cha Hewa ya Karakana

Benzeni ni kimiminiko kiangavu kama maji, chenye harufu tamu. Michael Faraday aliitenga katika mji wa London mwaka 1825, na tangu hapo viwanda vimeipenda kwa sababu huyeyusha mpira, rangi na gundi upesi, kisha hupaa na kuiacha kazi imekauka. Lakini kinachopaa hakipotei. Huingia katika hewa, na hewa hiyo ina wenye kuivuta.

Moto ndio hatari ambayo watu waliifahamu kwanza. Mvuke wa benzeni waweza kushika moto hata katika baridi ya digrii 11 chini ya sifuri, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukutane na cheche. Walakini moto una adabu moja, hujitangaza. Madhara ya pili huingia katika uboho wa mifupa, mahali damu itengenezwapo, yakakaa kimya kwa miaka.

Katika mji wa Istanbul mafundi viatu walianza kutumia gundi yenye benzeni kati ya mwaka 1955 na 1960. Walifanya kazi katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa vizuri, na benzeni iliyokuwamo ilifika mamia ya sehemu katika milioni ya hewa. Daktari Muzaffer Aksoy na wenzake walitangaza mwaka 1974 kwamba kati ya mafundi 28,500 wamekuta wagonjwa 26 wa saratani kali ya damu, au wa hali iitanguliayo. Hapana karakana iliyolipuka ili kuwaonya watu hao.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Mvuke wa benzeni hauwaki mpaka ufike sehemu 12,000 katika milioni. Kengele ya moto aghalabu huwekwa ilie kwenye sehemu ya kumi ya kiasi hicho, yaani 1,200. Sheria ya Marekani huruhusu sehemu 1 tu, kwa wastani wa saa nane. Basi hewa yaweza kupita halali mara elfu moja huku kengele imenyamaza, na msimamizi akaapa kwa moyo safi kwamba hapana hatari. Hasemi uongo, amekiuliza chombo swali lisilo lake.

Namba hiyo 1 haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1946 wataalamu wa afya ya viwanda Marekani walipendekeza 100. Mwaka 1948 wakashuka mpaka 35. Mwaka huo huo chama cha wenye mafuta kilikiri katika waraka wake kwamba kiasi salama kabisa ni sifuri. Serikali ilipotaka kushusha sheria kutoka 10 mpaka 1 mwaka 1978, wenye viwanda walishtaki, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi iliifuta amri kwa kuwa serikali haikuthibitisha kwamba hatari iliyopo ni kubwa. Amri ilirudi mwaka 1987. Katika miaka hiyo yote watu walivuta sehemu 10 kwa idhini ya sheria, na ni vigumu kuona mapafu yao yalinufaikaje na ubishi wa mawakili.

Kupima kwenyewe ni kazi ya unyenyekevu. Mfanyakazi hufungwa pampu ndogo kiunoni, na kijibomba cha kioo chenye mkaa hubanwa karibu na ukosi, kwa maana hewa ya kupimwa ni ile iliyo karibu na pua yake, si ile ya dirishani. Mkaa hunasa mvuke zamu nzima, kisha hupelekwa maabara. Wastani nao una hila zake: dakika chache za kufungua pipa zaweza kufichwa na saa nyingi za utulivu, ndiyo sababu sheria ikaongeza kikomo cha 5 kwa dakika 15. Majibu yakifika, mwajiri ana siku 15 za kazi kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi; na kikomo kikiwa kimepitwa, maandishi hayo sharti yaseme ni nini kinachofanywa ili hewa ishuke.