Chupa Kumi na Moja

Bibi alifariki mwezi wa kumi, maembe yakiwa bado magumu kama mawe. Kazi ilinibana, mazishi yakanipita. Nilipovuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni kwa ajili ya arobaini yake, maembe dodo ya uani kwake yalikuwa yanaanguka yenyewe usiku, puu, puu, juu ya bati la jiko, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuyaokota.

Msimu ukishachanganya, embe Mafia halina bei. Karibu kila uwanja una mwembe, sasa nani atamuuzia nani? Kulipeleka Dar maana yake ni chombo hadi Nyamisati, halafu gari, na dodo lililoiva halipendi misukosuko. Miezi hiyohiyo wageni wanakuja kuogelea na papa potwe, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi mwenyewe nimeshaandika habari za papa potwe mara nyingi. Za maembe yanayooza, sijaandika hata moja.

Baada ya khitma tulibaki mkekani, wanaume watupu, na Baba Mdogo akasema neno lake. Mwembe umepata mnunuzi. Fundi wa mitumbwi ameupima shina, ameridhika.

Kwa asiyejua pwani: mtumbwi mzuri huchongwa kwenye gogo moja, na mwembe mkubwa ni gogo la thamani. Na kwetu mti ni mali yenye mwenyewe. Unaweza kuwa na mnazi wako kwenye shamba la mtu mwingine, ukaurithi, ukauuza, bila kuigusa ardhi. Mwembe wa Bibi sasa ulikuwa mirathi. Baba Mdogo ana mafungu mawili, Shangazi moja. Mimi sina. Baba yangu alitangulia kabla ya mama yake, na kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mjukuu hapati fungu penye mtoto wa kiume aliye hai. Bibi angeweza kuniusia kitu, maana wasia unaruhusiwa hadi theluthi, ila hakusema chochote. Hakunidhulumu mtu. Hata hivyo usiku ule nililala nikihesabu: puu, moja. Puu, mbili.

Asubuhi Shangazi akanigongea mlango. "Amka. Kabla hawajaukata, tupike."

Alichotaka tupike, nyumbani tulikiita achari tamu. Nikiwa chuo, nilimwonjesha rafiki yangu wa Moshi, akasema, "Hii jamu, lakini mbona inawasha?" Mwingine wa Unguja akasema ni chatne. Sikumbuki tulimalizaje ubishi, ila chupa iliisha. Kwa kweli ni jamu: ina tunda, sukari na moto. Pilipili ndiyo inayoipotezea kabila.

Nilitoa simu ili niandike vipimo. Shangazi akaiangalia kama mtu anayeangalia kiatu kitandani. "Weka hiyo. Menya."

Wakati namenya nikawa nafikiria kitabu kimoja. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alianza kufanya utafiti kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, na mwaka 1997 akachapisha *African Voices, African Lives*, kitabu kilichobeba maneno ya mwanakijiji mmoja aliyemwandikia shajara. Nilikisoma chuoni kwa wivu. Mtu wa kisiwa changu ameandika siku zake, zikawa kitabu! Bibi yangu hakuandika hata orodha ya dukani. Na mimi, mwandishi wa habari kwa kazi, nimewahoji mawaziri na wavuvi, ila yeye sikuwahi kumkalisha chini nimuulize, "Bibi, pilipili unatia ngapi?" Kila nilipoingia jikoni aliniambia, "Toka, moshi utakuumiza macho," nami nikatoka.

Basi niandike sasa. Tulichukua maembe yaliyopevuka ambayo hayajaiva sawasawa, yale yenye nyama ya njano lakini bado yanakata meno, tukachanganya na machache mabivu. Embe lililoiva kabisa lina utamu, ila pektini, ile inayofanya jamu igande, imeshapungua. Kwa kila kilo mbili za nyama iliyokatwa vipande tulitia kilo moja na robo ya sukari, ndimu tatu, tangawizi iliyotwangwa, kijiti cha mdalasini, karafuu nne na chumvi kidogo. Tukaacha saa nzima, maembe yakatoa maji yake. Kisha moto wa mkaa, sufuria pana, mwiko mrefu. Kokwa hazikutupwa. Shangazi alizitumbukiza humohumo na nyuzi zake, akazitoa zilipobaki nyeupe. Pilipili mbuzi tatu nilizikatakata mimi, nikatia, halafu nikajifuta jasho la usoni kwa mkono uleule. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nami nikalia, na sikuulizwa sababu.

Jamu ikikaribia, sauti inabadilika. Mwanzoni inachemka haraka, kama maji. Baadaye inazito, inapasuka polepole, na ukiiachia mwiko inakurukia mkononi. Unadondosha tone kwenye sahani iliyopoa, unalisukuma kwa kidole. Likikunjamana juu, ipua. Chupa tulikuwa tumeshazichemsha, tukajaza jamu ingali ya moto, tukafunga. Sukari nyingi na tindikali ya ndimu vinaizuia isiote ukungu, hata nyumba isiyo na friji.

Tulipata chupa kumi na moja. Tatu za Shangazi, tatu za majirani waliokuja msibani, moja ya Baba Mdogo, nne zangu. Shangazi ndiye aliyegawa. Sikuuliza kwa hesabu gani.

Mwembe ulikatwa Jumatatu. Sikutaka kuangalia, nikaangalia. Ulichukua karibu asubuhi nzima, na ulipolala, uani kukawa na mwanga mkali ambao hakuna aliyeuzoea. Kuku walikimbilia ndani.

Wiki tatu baadaye, nikiwa Dar, Baba Mdogo alinitumia picha ya gogo. Tayari lina tumbo, lina omo, karibu mtumbwi. Nilikaa na ile picha muda mrefu bila kujua nijibu nini. Mwisho nikamuuliza tu kama ameonja achari.

Akatuma ujumbe wa sauti. "Nzuri, mwanangu. Lakini hii inawasha kuanzia mdomoni. Ya Mama ilikuwa inachelewa. Unakula, unasema leo kasahau pilipili, ukishameza ndiyo inakuja."

Nikampigia Shangazi. Kimya kidogo, kisha akasema, "Ee, kweli. Alikuwa anaitia nzima, haikati. Mwisho anaitoa."

Nimeiandika hapa: nzima, usiikate. Baba Mdogo alikuwa amekumbuka kitu ambacho sisi wawili tuliokaa jikoni tulikisahau. Zimebaki chupa mbili, na msimu ujao itabidi ninunue maembe.