Ruti si sifa

Juzi pale saiba ya Magogoni nilihamisha faili za wateja hadi kompyuta mpya ya Linux. Nikafungua faili ya tar kwa ruti, nikajiona fundi. Kesho yake binti mmoja akakataliwa kufungua fomu yake ya basari, yenye siri za kwao. Jamaa mwengine aliifungua vizuri tu!

Kumbe tar, ukiwa ruti, humrudishia faili mwenyewe wa zamani. Jina lisipokuwepo, hutumia namba. Nami nilikuwa nishabadilisha majina ya akaunti. Namba 1001, ya binti kule, huku ni ya jamaa.

Wanangu, wekeni --no-same-owner, kisha mgawieni kila mtu chake kwa chown. Faili ya mtu ni amana.