Mwaka Wetu wa Kwanza Lodwar

Barua ya uhamisho ilitufikia mwezi wa Novemba mwaka wa 2011, tukiwa shambani tunachimba viazi. Manyunyu yalikuwa yakianguka na sote wawili tulikuwa tumevaa makoti. Tulilisoma jina la Lodwar mara mbili tatu, tukaikunja barua, tukaendelea kuchimba. Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu ni mwalimu, mwingine ni fundi wa cherehani, na wakati huo tulikuwa na watoto watatu. Kitinda mimba alikuwa bado ananyonya. Tumezaliwa na kulelewa Kinangop, ambako asubuhi nyingine umande huganda juu ya nyasi na mtoto haendi shule bila sweta. Habari za jangwa tulizijua kutoka kwenye ramani ya darasani tu.

Siku ya kuondoka, nyanya ya watoto alitupa blanketi zito la mistari, akasema ugenini ni baridi kila mahali. Tulilipokea kwa mikono miwili.

Lori lilipita Nakuru, Eldoret na Kitale, likapanda Kapenguria, kisha likaanza kuteremka kuelekea Marich. Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Lodwar iko karibu mita 500 tu. Tuliteremka huku tukivua: kwanza makoti, halafu sweta, halafu soksi. Kutoka Kainuk hadi Lokichar lami ilikuwa imevunjika vibaya hata dereva akaona heri apite mchangani kando ya barabara. Tulifika saa mbili za usiku, tukidhani joto litakuwa limetulia. Mmoja wetu aliegemea ukuta wa nyumba tuliyokodiwa akaruka kando. Ukuta ulikuwa wa moto bado, na jua lilikuwa limetua saa nzima iliyopita.

Wiki ya kwanza tulicheka. Mishumaa tuliyoisimamisha mezani iliinama kama watu wanaosinzia. Mafuta ya mgando yaligeuka maji. Mkate uliokatwa ulikauka kabla chai haijamiminwa. Ukianika nguo, ukifika mwisho wa kamba unaanza kuanua zile za mwanzo. Saa tisa alasiri maji ya bomba, yalipokuwapo, yalitoka ya moto, na watoto wakasema hapa serikali huwachemshia watu maji ya kuoga.

Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya saruji na bati, bila dari, na kuanzia saa nne asubuhi bati lilikuwa likilia ta, ta, ta kwa joto. Tulikuwa hatulali. Tulikuwa tunagombana juu ya vitu vidogo, kama nani ameacha mlango wazi. Tena tulikuwa na kiburi kidogo, tukubali tusikubali. Majirani zetu wengi walikuwa Waturkana, na tulipowaona wameketi kivulini saa saba mchana tulisema kimoyomoyo kwamba watu hawa hawana kazi. Sisi tulikuwa na kazi. Tulifua saa sita. Tulipika githeri ndani ya nyumba kwa jiko la makaa, saa tatu nzima, mchana. Tulifungua madirisha yote ili upepo uingie, na upepo ukaingia kama unaotoka tanuruni, umebeba vumbi. Hata mbegu za sukuma wiki tulizipanda nyuma ya nyumba. Ziliota, zikatutazama siku nne, zikafa. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, nayo huja ikitaka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Ilikuwa mapema mwezi wa Aprili mwaka wa 2012. Mji wote ulikuwa ukizungumza juu ya mafuta yaliyogunduliwa upande wa Lokichar, katika kisima cha Ngamia 1, na wenye nyumba walikuwa wameanza kupandisha kodi. Kitinda mimba wetu, mwaka mmoja na miezi minne, alianza kuharisha kidogo usiku. Asubuhi mwili wake ulikuwa wa moto. Tulijua malaria ipo, hasa karibu na mto Turkwel, kwa hiyo tukasema ni malaria. Tukafanya kama tulivyofanyiwa sisi tulipokuwa watoto: tukafunga madirisha asipigwe na upepo, tukampa dawa ya kushusha homa, tukamfunika lile blanketi la mistari atoke jasho. Hakutoka jasho. Kufikia saa sita alikuwa akilia bila machozi. Halafu akaacha kulia, na sisi, Mungu atusamehe, tukafurahi kwamba amelala.

Jirani yetu, mama mzee tuliyekuwa tukisalimiana naye kwa kichwa tu, alikuja kuomba kiberiti. Alisimama mlangoni, akamtazama mtoto, akaingia bila kukaribishwa. Alilivuta blanketi akalitupa sakafuni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kiturkana chetu hakikuwapo kabisa, lakini alirudia neno moja mpaka tukalielewa: “Ngakipi, ngakipi.” Maji. Alilowesha leso yake akampangusa mtoto kichwa, shingo na makwapa, huku akimtilia maji mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone. Mmoja wetu alikimbilia bodaboda.

Katika kituo cha afya mtoto alitundikiwa maji. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilikaa imesimama kabla ya kurudi. Muuguzi hakutufokea, ingawa tulitazamia kufokewa. Alituambia kwamba katika hewa kavu jasho hukauka palepale linapotoka, kwa hiyo mama huiona ngozi kavu akadhani mtoto hapotezi maji. Alitufundisha kutazama mkojo: ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili unalia kiu. Akatukumbusha maji ya sukari na chumvi, ambayo mmoja wetu aliwahi kuyafundisha darasani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tulikuwa na sukari nyumbani. Tulikuwa na chumvi. Tulikaa pale siku mbili na hilo ndilo tulilolifikiria.

Usiku tuliorudi nyumbani, mmoja wetu alisema, “Mimi na watoto tunarudi Kinangop.” Mwingine akajibu, “Na mshahara utalisha nyumba mbili?” Hatutaandika nani alisema lipi, maana kabla ya wiki kwisha kila mmoja alikuwa ameyasema yote mawili. Tulikuwa tukilaumiana juu ya blanketi. Nani alilileta, nani alilifunika. Mwishowe tuliafikiana kungoja mpaka muhula wa pili ufungwe mwezi wa Agosti, kisha tuamue.

Kwa kuwa ilitubidi kungoja, tulianza kuishi. Mama Mzee, ndivyo tulivyomwita, alikuwa akija kumwona mtoto kila jioni, nasi tukaanza kumtazama anavyofanya mambo yake. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameamka. Maji, kuni, mbuzi, kufagia, yote yalikuwa yamekwisha kabla ya saa nne. Kisha akakaa, na jua likipungua saa kumi jioni akainuka tena. Basi wale tuliowaona wavivu walikuwa wametutangulia kazini kwa saa tatu! Na nyumba zake mbili, ambazo tuliwahi kuzicheka, zilikuwa na maana: moja ya chini, iliyofungwa, ya usiku na ya upepo, nyingine wazi pande zote, kivuli kitupu, ya mchana.

Tulinunua makuti ya mkoma na fito, tukajenga kivuli chetu nje. Cherehani ikahamia huko. Tulianza kufunga madirisha asubuhi mapema, hewa ya usiku ikiwa bado ndani, na kuyafungua baada ya magharibi. Kupika tukakufanya alfajiri, nje. Maharagwe tuliyaloweka usiku kucha yasikae motoni muda mrefu. Usiku tulitandika mikeka uani, tukafunga chandarua kwenye kamba, tukalala sote watano chini ya nyota. Mji uliobaki ulikuwa ukifanya hivyo zamani.

Maji ya kunywa tuliyaweka katika mtungi wa udongo. Mtungi huo huvuja jasho kama mtu. Maji yanayopenya nje hukauka na hewa kavu, na yakikauka huondoa joto ndani. Jerikeni za plastiki haziwezi hilo. Blanketi la mistari tulilikata vipande, tukazivalisha jerikeni, tukawa tunavilowesha asubuhi na mchana. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye mche wa mwarobaini, ambao leo ni mti.

Kama kuna dada msomaji aliyepewa barua kama yetu, sweta mbili zinatosha kwa nyumba nzima. Chukua nguo za pamba, pana, zenye mikono. Mchanga wa mchana huunguza nyayo, na mwiba wa mathenge hupenya malapa, kwa hiyo nunua akala sokoni kama wenyeji. Wakanye watoto wasicheze ndani ya laga hata kama mbingu haina wingu, kwa sababu mvua ikinyesha mbali maji hufika ghafla; tuliyaona yakishuka katika Kawalase, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mti mzima. Na jifunze kusalimu. Ukisema “Ejok” hata kwa matamshi mabaya, mtu atakuchekea na kukujibu.

Hatusemi ilikuwa rahisi. Mboga zilikuja na lori kutoka Kitale zikiwa zimekwisha kulala, kwa bei ya kusikitisha. Upweke pia ulikuwapo. Watu wa hapa humuuliza msafiri, “Unaenda Kenya?” na sisi tulijiuliza kama bado tuko ndani ya nchi yetu.

Agosti ilifika. Shule zikafungwa. Hakuna aliyelitaja lile tuliloafikiana, na mmoja wetu alikuwa na nguo za sare za watoto wa majirani kumi na wawili za kushona.

Mwezi wa Desemba tulisafiri Kinangop. Nyanya ya watoto alikuwa amechinja kuku na kuwasha moto mkubwa. Usiku wa kwanza kitinda mimba, ambaye sasa alikuwa akizungumza, alitetemeka, akakataa kulala kitandani, akalia kwamba anataka kwenda nyumbani. Nyanya alimpakata akamwambia, “Hapa ndipo nyumbani, baba.” Mtoto alitikisa kichwa, akaelekeza kidole mlangoni, kwenye ukungu. Nyanya alinyamaza. Baada ya kitambo akatuuliza lile blanketi alilotupa liko wapi, amfunike mjukuu wake, nasi hatukujua tuanzie wapi kumweleza.