Nywila Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Barua ilikuja. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwa miezi kadhaa niliapa kwamba haikuja. Iliingia katika anwani ya barua pepe niliyoifungua mimi, kwa nywila niliyoijua mimi peke yangu, nayo ilimhusu binti aliyekuwa akipita dukani kwangu karibu kila juma kuuliza, "Papa, jibu halijafika?" Nami nilimjibu bila hata kuangalia, "Bado, mwanangu. Hawa watu huchelewa."

Nina duka dogo la kuchapa karatasi na kupiga fotokopi hapa Bunia, Kongo, hatua chache kutoka Boulevard de Libération. Kibao cha nje kimeandikwa Secrétariat Public. Ndani mna kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, benchi la wateja, na jenereta ndogo nyuma ya ukuta kwa siku ambazo umeme umekwenda zake. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi, nao huja kwa msimu. Matokeo ya Mtihani wa Taifa, huo tunaouita Exetat, yakishatoka, utawaona vijana wamejimwagia poda nyeupe kichwani, wamepakiana watatu kwenye pikipiki, honi mtaa mzima. Poda ikishaoshwa, wanarudi taratibu pamoja na mzazi, na swali ni lile lile: minervali, yaani ada ya chuo, itatoka wapi?

Mwenye binamu Tanzania huwa ameshasikia habari za HESLB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004. Mwenye shangazi Nairobi ameisikia HELB, iliyoanza 1995. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Waganda nao wana bodi yao tangu 2014. Basi huniuliza, "Papa, fomu yetu sisi iko wapi?" Sina fomu ya kuwapa. Zamani za Zaire wazee wetu walisoma kwa burse ya serikali. Siku hizi mwanafunzi wa mkoa wetu wa Ituri husomeshwa na ng'ombe wa babu, dhahabu ya kaka aliyeko Mongbwalu, zamu ya mama kwenye likelemba, ule mchango wa kupokezana, au mkopo wa koperative ikiwa nyumbani yupo mwenye mshahara. Hayo yote yakishindikana, iko Banque Lambert. Si benki, haina ofisi wala kibao. Ni mtu wa mtaani mwenye pesa taslimu, unakopa kwake dola 100 na mwisho wa mwezi unamrudishia 150. Usiporudisha, faida inazaa faida nyingine.

Kwa hiyo ufadhili wa mashirika, ule unaoombwa kwa intaneti, kwetu ni mlango ambao watu mia wanausukuma kwa wakati mmoja. Mimi nilijiweka mbele ya mlango huo. Nilijaza fomu, nikaskani karatasi, nikatuma, nikalipwa. Nilijisifu kwamba nawasaidia watoto wa watu. Kuna niliowasaidia kweli. Huyu mmoja nilimharibia.

Alikuja 2024 na mama yake, muuza samaki sokoni, samaki wa Tchomia na Kasenyi. Asilimia zake zilikuwa nzuri. Alitaka kusoma udaktari hapa hapa mjini, na shirika moja lilikuwa linawalipia wasichana masomo. Aliniletea hati ya shule inayothibitisha kwamba amefaulu, maana diploma yenyewe mara nyingi huchelewa miaka, pamoja na kadi yake ya mpigakura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia.

Mkongomani ana majina matatu: jina, jina la pili tunaloliita postnom, na jina la ubatizo. Ni urithi wa Mobutu. Mwaka 1972 alipopiga marufuku majina ya Kikristo, watu waliijaza nafasi kwa jina la mababu. Marufuku ilipokwisha, jina la ubatizo likarudi, na lile la mababu halikuondoka. Fomu za ng'ambo zina visanduku viwili tu. Tena majina ya kwetu Ituri yamejaa dj, dh na dz, kila mwandishi anayaandika anavyoyasikia. Hati ya shule ilikuwa na majina mawili ya kwanza, yenye dj. Kadi yake ya 2023 ilikuwa na yote matatu, yenye j peke yake, na wino wake ulikwisha kuanza kufutika, kama kadi nyingi za mwaka ule. Nilipoiskani, jina lilionekana nusu.

Nilichukua jina la ubatizo na postnom, nikaandika kwa tahajia niliyoiona nyepesi. Binti alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yangu. Alisimama, akatazama kioo cha kompyuta, akasema kwa sauti ya adabu, "Papa, kwenye kadi haiko hivyo." Nikamjibu, "Kompyuta haijali." Akaketi.

Kompyuta haikujali kweli. Aliyejali alikuwa ni mtu aliyekaa ofisini kwake, anayelinganisha fomu na kitambulisho.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hili sikulifanya kwa haraka. Fomu ilitaka anwani ya barua pepe na namba ya simu. Binti hakuwa na anwani, na simu aliyoitumia ilikuwa ya mama yake. Kumfungulia anwani yake mwenyewe kungenichukua robo saa. Kumfundisha namna ya kuifungua na kuilinda nywila kungechukua labda saa nzima. Nilitumia anwani ambayo tayari nilikuwa nimewawekea waombaji wengine, na namba yangu. Nilimwambia mama yake kwamba hivyo ni salama zaidi, karatasi zisipotee.

Ukweli ni kwamba mteja asiyejua nywila yake hurudi. Akitaka kujua kama jibu limekuja, analipa dakika za intaneti. Akitaka nakala, analipa nakala. Akitaka kuomba kwingine, anakuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye kila kitu chake. Hakuna aliyenifundisha ujanja huo. Niliugundua mwenyewe, nikauita huduma.

Kisha simu yangu ikapotea, na laini ikaenda nayo. Ile anwani ikawa inadai namba ya siri inayotumwa kwenye laini ile. Kuirudisha laini si kazi kubwa. Unakwenda kwenye ofisi ya mtandao na kitambulisho chako, unapanga foleni, mambo yanakwisha. Sikwenda. Msimu wa wanafunzi ulikuwa umepita, na kazi iliyokuwapo ni ya mashirika yanayochapisha ripoti nene, yenye pesa. Binti alikuwa anapita, nami nilikuwa najibu "bado" kuhusu sanduku ambalo sikuweza hata kulifungua.

Nilipoirudisha laini hatimaye, tena kwa shida yangu nyingine, nilizikuta barua mbili. Ya kwanza ilisema amechaguliwa, ila jina la kwenye fomu halilingani na la kwenye kadi. Alete uthibitisho kabla ya tarehe fulani. Ya pili ilisema muda umepita na nafasi imepewa mwingine. Wanamtakia heri.

Nilizisoma, nikazifunga, na aliporudi nikamwambia, "Mwanangu, walikukataa." Hakulia. Alisema, "Asante, Papa, kwa kunisaidia."

Hapa ningeweza kuleta visingizio, maana Bunia haina upungufu wa visingizio. Kuna vita vya Djugu vilivyorudi tangu mwisho wa 2017 na kuijaza miji wakimbizi. Kuna hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021. Kuna mtandao unaokatika na jenereta inayogoma. Nilivitumia vyote kwa watu walioniuliza. Lakini vita havikumzuia binti yule kupata barua yake. Niliizuia mimi, kwa uvivu na kwa tamaa ya pesa ndogo.

Kilichoniangusha kilikuja baadaye. Mama yake aliingia dukani asubuhi moja na karatasi iliyokunjwa, akaomba nakala mbili. Niliifungua ili niilaze kwenye mashine. Ilikuwa hati ya kukiri deni, imeandikwa kwa mkono kwa Kifaransa cha mtaani, na dhamana yake ilikuwa kiwanja chao cha Mudzipela. Alikuwa amekwenda kwa Banque Lambert kulipa sehemu ya kwanza ya minervali, ili binti yake asikose orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mitihani. Mashine ikapitisha mwanga wake juu ya jina la kiwanja, juu ya alama ya kidole gumba cha yule mama, nikampa nakala zake mbili. Nikamtoza bei ya fotokopi. Akalipa, akanishukuru, akaenda kuuza samaki.

Sikulala vizuri, lakini kutolala si toba. Niliendelea kunyamaza hata baada ya hapo, na ukimya huo nauhesabu kuwa mbaya kuliko kosa la jina. Jina nilikosea kwa kujiona najua. Lakini nilinyamaza huku nikijua kila kitu.

Nilipokwenda nyumbani kwao, nilikuwa nimezichapa zile barua mbili. Nilimwomba binti amsomee mama yake kwa sauti, kwa sababu niliogopa kwamba nikieleza mimi nitalainisha. Alisoma ya kwanza. Alipofika kwenye neno la kuchaguliwa alisimama, akairudia sentensi ile, kisha akatazama tarehe iliyo juu. Mama yake ndiye aliyesema: "Kwa hiyo siku niliyokuja na karatasi ya deni, wewe ulijua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ukachukua feza yangu ya fotokopi." Nikasema ndiyo.

Tuliliandikia shirika. Walijibu kwa heshima kwamba nafasi haiwezi kurudi. Nikatoa pesa niliyokuwa nayo nimpe mama. Aliikataa kama zawadi. "Zawadi unaweza kuacha kutoa," aliniambia. "Andika deni." Niliandika kwamba nitalipa faida yote ya Lambert na sehemu ya minervali, nikaweka sahihi, mkubwa wa avenyu akashuhudia. Naendelea kulipa. Binti anasoma. Hajaingia dukani kwangu tena, na sioni sababu ya yeye kuingia.

Nayaandika haya kwa sababu najua maduka kama langu ni mengi, kutoka Bunia hadi Mahagi na Aru, na ninajua wenzangu wengi wana daftari lenye nywila za watoto wa watu. Ndugu zangu, zirudisheni. Mtoto afunguliwe anwani yake kabla fomu haijaanza, kwa namba ya mtu wa nyumbani kwao, na nywila aiandike kwa mkono wake, wewe ukitazama pembeni.

Na ninyi wazazi, shughulikieni majina mapema, mtoto akiwa bado darasa la mwisho la sekondari. Wekeni hati zote mezani mlinganishe herufi kwa herufi. Kosa la shule linarekebishwa shuleni kabla orodha za Exetat hazijakwenda. Likishafika kwenye diploma, kulirekebisha ni safari ndefu. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze mahakamani kutafuta hukumu inayokaa mahali pake, ile jugement supplétif. Wengi wa kizazi hiki, waliozaliwa vita vya 1999 hadi 2003 vikiendelea au vikiwa vimeisha juzi, hawana cheti. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 za kwanza, lakini ni nani aliyehesabu siku 90 akiwa mbioni?

Kabla hujatoka katika duka lolote, mwulize mwenye kompyuta mambo matatu: jina limeandikwaje, jibu litaingia kwenye anwani ya nani, na nywila iko wapi. Akikujibu kwamba usijali, kila kitu anacho yeye, chukua karatasi zako uondoke. Hilo ndilo jibu nililokuwa nikiwapa mimi.