Bastola Katika Likizo ya Familia



Desemba mwaka jana hatukwenda kijijini kama tulivyozoea. Kijana wetu mkubwa, ambaye yuko seminari ndogo, alikuwa nyumbani kwa likizo. Mama yake akasema watoto wakishaanza kutawanyika hatutawapata tena wote mezani. Basi tuliweka akiba mwaka mzima, tukakata tiketi tano za ndege kwenda kisiwa cha Mafia. Nami nilikwenda na bastola.

Naomba nieleze kwanza nilivyoipata. Ninauza vifaa vya ujenzi. Miaka sita iliyopita, jioni tukihesabu mauzo, waliingia watu wanne na mapanga. Walimkata kichwani kijana wa stoo. Mungu ni mwema, alipona, lakini kovu lake ninaliona kila asubuhi anapofungua mlango. Baada ya hapo niliomba kibali cha kumiliki silaha. Nilianzia serikali ya mtaa nikapanda ngazi zote za polisi mpaka nikapata leseni. Sikuruka hatua hata moja.

Nilipokuwa nafunga mizigo, mke wangu aliiona. Akaniuliza, "Baba, huko Mafia unakwenda kumpiga nani?" Nikamjibu kwamba sheria inaniruhusu. Hakuniuliza kama inaniruhusu, lakini jibu nililokuwa nalo lilikuwa hilo tu.

Na kweli inaruhusu, kwa masharti. Nchi yetu ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Kwa upande wa ndege, Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kinataka silaha ya abiria ihakikishwe na mtu mwenye mamlaka kwamba haina risasi, kisha iwekwe mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuifikia ndege ikiwa angani. Kwa hiyo pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam nilifika mapema, nikatoa taarifa mwenyewe kabla ya kuulizwa, nikaonyesha leseni na kitambulisho. Askari alihakikisha chemba ni tupu, akahesabu risasi na kuziweka peke yake. Bastola ikafungwa katika kisanduku chenye kufuli na kupelekwa sehemu ya mizigo. Rubani aliarifiwa. Watoto walisimama pembeni wakiangalia, na abiria wenzetu wakawaangalia wao. Binti yetu mdogo, mwenye miaka saba, alimshika mama yake mkono na hakuuachia mpaka tulipopanda.

Ndege ilikuwa ndogo, ya watu wasiozidi kumi na wawili, na safari haikuzidi nusu saa sana. Upande wa kulia tuliiona Delta ya Rufiji, mito ikijigawa katikati ya mikoko. Kijana wangu, anayependa historia, akatusimulia habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakasafisha uwanja wa kurushia ndege, na ndege hizo ndizo zilizoelekeza mizinga mpaka manowari ile ikaangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Kisha akaniinamia sikioni: "Baba, wewe si wa kwanza kuleta silaha Mafia kwa ndege." Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa.

Kilindoni tulipanga nyumba ya wageni safi, ya bei yetu. Haikuwa na sefu. Hapo ndipo hesabu yangu ilipoanza kuharibika. Kisanduku nitakiacha wapi? Chumbani, wakati wahudumu wanaingia kufagia? Nikiingia nacho kwenye mashua, nikiruka majini nitamwachia nani?

Siku ya Jumanne familia ilikwenda kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye miezi hiyo huja karibu na Kilindoni kula dagaa na viumbe vidogo vya baharini. Mimi nilisema nina kichwa kinauma. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, begi katikati ya miguu, tangu asubuhi mpaka walipotokea mchana wakiwa na chumvi usoni, wote wakizungumza kwa pamoja. Nilikuwa nimetumia akiba ya mwaka mzima ili nilinde begi.

Jioni ile binti yetu alitafuta biskuti ndani ya begi hilo. Akatoa kisanduku kwa mikono miwili. "Baba, mbona hiki kizito?" Kilikuwa kimefungwa, na risasi nilikuwa nimezitenga. Hakuna hatari yoyote ambayo ingempata dakika ile. Lakini nilimpokonya kwa nguvu na kumfokea kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia nyumbani kwangu. Alikwenda kujificha nyuma ya mama yake. Ananiogopa mimi, nilijiambia. Hakuwa na mwingine wa kumwogopa kisiwa kizima.

Tulisali rozari, matendo ya uchungu. Tulipomaliza, kijana wangu aliongea taratibu kama anayeomba ruhusa: "Baba, pale bustanini Petro alipochomoa upanga, Bwana hakumuuliza kama ana kibali. Alimwambia aurudishe alani, kisha akamponya yule aliyekatwa sikio."

Ningeweza kubishana naye. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2263 hadi 2265, inafundisha kwamba kujilinda kihalali si dhambi, na kwamba kwa mtu aliyekabidhiwa maisha ya wengine kunaweza kuwa wajibu mzito. Ninaliamini hilo ninapomkumbuka kijana wa stoo. Lakini Mafia sikuwa ninamlinda mtu. Nilikuwa nimeibeba hofu ya dukani na kuipandisha ndege, na familia yangu ndiyo iliyoulipia mzigo wake.

Nilimwita binti yangu nikamwomba msamaha mbele ya wote. Ilichukua muda kabla hajaja.

Jumatano asubuhi nilikwenda kituo cha polisi nikaomba wanitunzie silaha mpaka siku ya kuondoka. Walikagua leseni, wakaandika namba ya bastola na idadi ya risasi, tukasaini. Nilitoka mikono mitupu. Saa moja baadaye nilikuwa kwenye mashua, nimevaa jaketi la kuokolea kwa sababu sijui kuogelea. Binti yangu ndiye aliyenionyesha: kivuli kirefu kuliko gari, madoa meupe mgongoni, kinapita chini yetu bila haraka. Alinishika mkono.

Ijumaa nilichukua silaha, nikafuata utaratibu uleule uwanjani, tukarudi. Bado ninaimiliki, iko kwenye sefu dukani. Sijafika mahali pa kuiacha, na sitajifanya nimefika. Lakini kwa wenzangu wenye leseni ninasema: kabla ya likizo, ulizia kituo cha polisi cha kwenu kama watakutunzia, usije ukagundua umuhimu wake ukiwa ugenini kama mimi.

Na kwenu mafrateri, ambao kesho mtaketi kwenye kiti cha kitubio: atakuja baba kama mimi, nyaraka zake zote ziko sawa. Msimuulize kuhusu kibali tu. Muulizeni pia anaogopa nini, na nani nyumbani anamwogopa yeye.