Swali nililochelewa kumuuliza mama

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Maumivu ya magoti nimeyaandika mara nyingi. Lakini nilipompeleka mama Venice, Italia, nilichagua chumba kwa kutazama picha: dirisha linaangalia mfereji, na bei nafuu.

Katika mji ule wa kale magari hayaingii. Unatembea kwa miguu au unapanda boti, na madaraja yanazidi 400, mengi yakiwa ya ngazi. Kutoka kituo cha boti tulivuka matatu, nami nimebeba masanduku. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Asubuhi mama akasema, "Nenda tu mwanangu, mimi nitatazama maji hapa dirishani." Nikaenda. Niliporudi mchana nilimkuta anajikanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto. Hakutaka kuniharibia safari.

Kesho yake tulihamia Mestre, upande wa bara, kwenye hoteli yenye lifti karibu na stesheni. Treni hadi Venice ni kama dakika 10. Kisha tulipanda boti namba 1, inayopita Mfereji Mkuu. Mama aliona majumba ya kale na daraja la Rialto akiwa ameketi, anacheka na kunionyesha kila kitu.

Mzazi akikuambia "sina neno", usiishie hapo. Kabla ya kulipia chumba, uliza: kiko ghorofa ya ngapi, lifti ipo, na njiani kuna madaraja mangapi? Mimi niliuliza mama akiwa ameshaumia.