Tulifunga Kabla ya Kuandika

Docker ikiambiwa izime kontena la Linux, kwanza hutuma ishara iitwayo SIGTERM: jiandae, tunafunga. Kisha husubiri sekunde 10. Zikiisha kabla programu haijatoka, huja SIGKILL, na hiyo haina mjadala.

Nilidhani nazijua vizuri sekunde hizo, hadi usiku tulipoweka toleo jipya la programu ya malipo niliyoiandika kwa lugha ya Go. Asubuhi mama mmoja akapiga simu. Pesa imekatwa, meseji anayo, lakini shule wanasema hawaioni.

“Mwanangu, hiyo ni ada ya mtoto. Sina nyingine.”

Siku nzima nilisoma kumbukumbu za seva. Ishara ilifika, na programu iliisikia. Katika Go, kazi huweza kukabidhiwa muktadha, na humo ndimo hupita amri ya kusitisha: muktadha mzazi ukifutwa, watoto wake wote hufutwa. Nilitaka hivyo, ili kontena lisianze kazi mpya wakati linazimwa. Lakini hata kazi ya mwisho, ya kuandika kwenye hifadhidata malipo yaliyokwisha kupokelewa, niliipa muktadha uleule. Ilipofika zamu yake ilikuta muktadha umeshafutwa, ikarudi na kosa papo hapo. Tulikuwa na sekunde 10. Haikutumia hata moja.

Mama yangu ana duka. Saa tatu usiku huteremsha mlango nusu. Mteja mpya haingii, aliye ndani anahudumiwa, halafu mama anakaa na daftari. Kuanzia nikiwa mdogo nimemwona akifanya hivyo, na bado niliandika programu inayomfukuza mwenye duka pamoja na wateja.

Marekebisho hayakuzidi mistari mitano: muktadha mpya wa kazi za kufungia, usiorithi ile amri ya kufuta, wenye kikomo chake cha sekunde 8. Kikomo ni lazima, maana hifadhidata ikigoma tutasubiri hadi SIGKILL itukute. Na kwa kuwa umeme haupigi hodi kabla ya kukatika, sasa kila asubuhi tunalinganisha pia malipo yetu na taarifa za benki.

Ada tuliiingiza kwa mkono. Nikampigia.

“Shikamoo mama. Imeonekana.”

“Marahaba. Ilikuwa wapi?”

Nikamwambia ukweli kwa kifupi: tulifunga kabla ya kuandika, na kosa lilikuwa langu.